Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo: kisa cha ukarabati mmoja Kikuyu, Dodoma

Ukifika kwenye nyumba ile kwa gari, unapokelewa na jiko. Kuna bomba la maji machafu linaloelekea kwenye karo, mtungi wa gesi nje ya mlango, kamba ya nguo, na kuku watatu wanachakura. Sebule iko upande wa pili kabisa, na kibaraza chake kinatazama kichochoro ambacho hata bajaji inapita kwa shida. Siku ya kwanza mwenye nyumba alinipeleka hadi barabarani, akashika kiuno, akaniuliza, "Fundi, hebu sema kweli, aliyechora hii nyumba alikuwa amelewa?"

Nilicheka. Nami niliona hivyohivyo. Katika miaka yangu ya kukarabati nyumba Dodoma nimekutana na nyumba nyingi za enzi za CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, zenye kioja cha namna hii, na kila mara nimezigeuza bila kuuliza. Hii ya Kikuyu ndiyo iliyonisimamisha, tena kwa aibu: fundi wangu alibomoa dirisha ambalo hakutumwa.

Nieleze kazi yenyewe kwanza. Ni nyumba ya vyumba vitatu, kuta za tofali za saruji na mchanga, paa la asbesto, madirisha ya luva, na juu ya kila dirisha kuna mstari wa matofali ya matundu. Baba wa familia alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, akaipata miaka ya 1980. Alishatangulia mbele ya haki. Aliyebaki ni mjane wake, ambaye sote pale tulimwita Mama, na mwanawe mkubwa, ambaye kwa desturi ya kazi nilimwita bosi. Bosi ndiye aliyekuwa analipa. Mama ndiye aliyekuwa anaishi mle. Tofauti hiyo ilikuja kuwa kubwa kuliko nilivyodhani nilipokuwa naandika makadirio.

Bosi alitaka mlango mkubwa ufunguliwe upande wa barabara, jiko lihamie nyuma, paa libadilishwe, matundu yazibwe na kupigwa skimu, madirisha ya alminiamu, na ukuta wa tofali kuzunguka kiwanja chote. Kazi ya kawaida kabisa. Tangu serikali ihamie Dodoma, kazi za aina hii hazikosekani.

Nikamwandikia mwashi wangu kwenye daftari: "Toa dirisha la mbele, weka mlango." Nikaenda mjini kununua nondo. Niliporudi saa sita na nusu nikakuta tundu limeshafunguliwa upande wa kichochoro, na Mama amekaa kwenye kiti chake cha plastiki chini ya mzabibu, anasimamia kazi. Bahati nzuri lenta, ile boriti ya zege juu ya madirisha, haikuguswa, na huku kwetu ardhi inatikisika mara kwa mara, kwa hiyo lenta siyo kitu cha kuchezea.

"Nilimuuliza Mama mbele ni wapi," mwashi akajitetea, "akanionyesha."

"Mbele ni hapa," Mama akasema, bila haraka. "Huko mnakopaki magari yenu ni uani."

Bosi alipofika jioni alifoka. Mama akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia, "Mwanangu, wewe umekulia humu. Umesahau balozi wa nyumba kumi alikuwa anaingilia wapi?"

Bosi akanyamaza. Na mimi nikaanza kushuku kwamba mlevi hakuwepo.

Hati na bikoni

Kabla ya kugusa ukuta wa uzio niliomba nione hati. Ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki, na ilisema miaka 33 kuanzia 1984. Asiyekaa Dodoma huenda akashangaa miaka 33. Chini ya CDA, ardhi ya mji ilikuwa mikononi mwa mamlaka hiyo, na mwananchi alipewa kwa mkataba wa upangaji wa muda huo. Jumlisha mwenyewe: mkataba wa familia hii uliisha mwaka 2017, na ni mwaka huohuo, mwezi Mei, Rais John Magufuli aliivunja CDA na majukumu yake yakapelekwa halmashauri. Wenye viwanja wakaanza kupata hati za miaka 99 kama wenzao wa mikoa mingine. Bosi alikuwa na hati mpya, lakini mchoro ulioambatishwa kwenye ile ya zamani ndio ulionivuta.

Kwenye mchoro ule, kile tulichokuwa tunakiita kichochoro kilikuwa njia ya miguu. Nilipima kwa rula na kukokotoa kwa skeli nikapata mita sita. Nikatoka nje na futi kamba: mita mbili na sentimita thelathini. Mita karibu nne zimekwenda wapi? Upande wa pili jibu lilionekana kwa macho, maana majirani walishajenga kuta zao na mmoja ana chumba cha duka juu ya njia. Upande wetu nilidhani tuko salama, kwa kuwa kulikuwa na minyaa tu.

Siku mbili baadaye saidia fundi alikuwa anachimba mtaro wa msingi wa uzio kandokando ya ile minyaa. Sululu ikagonga kitu kigumu, karibu mita mbili ndani ya minyaa, upande wa nyumba. Alidhani ni jiwe. Tulipokisafisha kwa brashi kikatokea kichwa cha zege cha mraba, kipana kama kiganja, chenye pini ya chuma katikati na namba zilizochorwa saruji ilipokuwa bado mbichi. Bikoni. Yaani minyaa ya marehemu baba, msimu kwa msimu, ilikuwa imetembea hadi ikaimeza njia pamoja na alama ya kiwanja.

Bosi aliuliza kama tunaweza kuing'oa. Nikamwambia kung'oa bikoni ni kosa la jinai, na hata isingekuwa hivyo nisingefanya. Tukafukia ule mtaro.

Mzee wa kalamu

Mama ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja anayekaa mitaa mitatu kutoka pale, Mgogo, mstaafu, aliyefanya kazi ya kuchora ramani CDA tangu ujana wake. Nilimkuta anapalilia mwarobaini mchanga. Nikampa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," akaniitikia, akanipima kwa jicho, akauliza nataka kubomoa nyumba gani. Mafundi huwa hawaendi kwake kwa jambo lingine.

Nilipomweleza habari ya mlango, alichukua kijiti akachora mchangani. Kwanza barabara ya basi, ndefu, imepinda kufuata mteremko. Kisha barabara fupi zinazoingia mtaani na kuishia humohumo. Kisha, katikati ya hizo barabara fupi, njia za miguu zikikutana kwenye uwanja mdogo. Halafu akapanga vijiwe kumi kuuzunguka ule uwanja. "Balozi mmoja," akasema, "nyumba kumi. Gari linakuja nyuma kushusha mkaa na magunia. Mtu anakuja mbele."

Nimekaa na mchoro ule wa mchangani kuliko na ramani yoyote niliyowahi kulipwa kuisoma, kwa hiyo niruhusuni niuzunguke kidogo.

TANU iliamua Oktoba 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Mji walioukuta ulikuwa wa stesheni, uliogawanywa na wakoloni kwa rangi ya mtu: Uzunguni kwenye nafasi na miti, Uhindini kwenye maduka, na Waafrika Majengo. Majina hayo bado tunayatumia bila kufikiri, kama tunavyosema Tambukareli, kata iliyopewa jina kwa sababu ili kufika huko ilibidi uvuke njia ya treni. CDA, iliyoongozwa na Sir George Kahama katika miaka yake ya mwanzo, ilitakiwa ijenge mji wa aina nyingine. Mpango Kabambe wa mwaka 1976 ulichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Ulikataa majumba marefu na barabara za gwaride. Ulitaka mji ulale chini, ufuate vilima na kuviacha wazi, watu watembee kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi, na kitu cha msingi kabisa katika mpangilio wa makazi kiwe kile TANU ilichokuwa nacho tayari tangu miaka ya 1960: nyumba kumi na balozi wao. Makao makuu ya nchi ya ujamaa yalitakiwa yafanane na kijiji.

Hapo mzee akasema kitu kilichonifanya nikeshe na simu usiku. "Wakanada walituletea hii, lakini nao waliitoa kwingine."

Kweli. Mwasisi wa kampuni ile, Macklin Hancock, ndiye aliyesanifu Don Mills, kitongoji cha Toronto kilichoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 juu ya mashamba, chenye barabara zilizopinda, mikanda ya miti na njia za miguu zilizotengwa na magari. Nyuma ya Don Mills ipo Radburn, katika jimbo la New Jersey, Marekani, iliyosanifiwa na Clarence Stein na Henry Wright mwaka 1929. Radburn ndiyo iliyonifanya niweke simu chini nikacheka peke yangu gizani. Pale, jiko linatazama barabara. Barabara ni fupi, imezibwa mwisho, ni ya magari na mizigo. Sebule inatazama upande wa pili, kwenye bustani na njia ya miguu, ili mtoto atoke nyumbani hadi shuleni bila kukutana na gari.

Kwa hiyo yule mlevi wa bosi alikuwa na ukoo. Jiko lenye kuku watatu pale Kikuyu lina babu yake New Jersey.

Kesho yake nilimpelekea mzee habari hiyo kama mtoto aliyeokota shilingi. Hakushtuka. Alisema Wazungu wanapenda kuandika mwaka wa kila kitu, lakini babu zake walikaa kwenye tembe zilizozunguka zizi, milango yote ikitazama ndani na ukuta mtupu ukitazama nje, na hawakuhitaji Mkanada kuwafundisha kuipa njia mgongo. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba watu haohao ndio walioondolewa kwenye tembe zao katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, wakapangwa kwenye mistari iliyonyooka. "Sisi tukanyooshwa, halafu watumishi kutoka Dar wakaja kuchorewa mviringo." Sikuweza kuamua kama anacheka.

Nadhani anazidisha kidogo kuhusu tembe. Tembe inalinda ng'ombe. Mpango wa 1976 ulikuwa unamlinda mtu anayetembea. Lakini nimeshindwa kuisahau.

Matundu

Hapa nakiri kosa langu mwenyewe, ambalo halimhusu Mkanada wala bosi.

Huku tukibishana kuhusu mlango, kazi ya ndani ilikuwa inaendelea. Nilishaamuru matundu ya vyumba viwili vya kulala yazibwe, yapigwe plasta na skimu, na silingi ya gipsamu ipandishwe. Kwa jicho la bosi matundu yale yalikuwa ushamba: yanaingiza vumbi, yanaingiza mbu, popo wanapumzikia. Yote kweli. Nikayaziba bila kutafakari yalikuwa yanafanya nini.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Dodoma iko karibu nyuzi sita kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Machi kuna mawingu ya mvua yanayotusitiri. Oktoba hakuna kitu. Mvua haiji mpaka Novemba mwishoni au Desemba, ardhi imekauka, anga ni jeupe. Wiki ya pili baada ya kuziba, nilifika asubuhi nikakuta godoro la Mama liko sebuleni.

"Chumba chako kimepikwa," aliniambia. Hakusema chumba changu. Alisema chako.

Sebule tulikuwa hatujaigusa. Nikasimama katikati yake saa nane mchana nikiwa na kipande cha karatasi laini mkononi, nikakiinua juu ya kichwa usawa wa matundu ya upande wa mashariki. Kikalala kuelekea ndani. Nikavuka chumba, nikakiinua kwenye matundu ya upande wa pili. Kikanyonywa kikabana kwenye tofali na kubaki pale hata nilipokiachia. Upepo wetu wa kiangazi unatoka mashariki na kusini mashariki, unavuma karibu kila siku, na aliyesanifu nyumba ile alikuwa ameutengenezea njia inayopita juu ya kichwa cha mtu: hewa moto inayopanda inasukumwa nje, na aliyelala chini hapigwi na vumbi usoni. Nikaenda nje kuitazama upya. Ukuta mrefu wenye madirisha unatazama kaskazini na kusini, ukuta mfupi usio na dirisha kubwa unatazama machweo, na ukingo wa paa umetoka nje kiasi cha kuweka kivuli kwenye luva mchana kutwa. Hata luva zenyewe, ambazo kila mtu anazing'oa, zinafunguka dirisha zima. Alminiamu ya kuteleza inafungua nusu tu.

Tulizibua. Gharama ya kuziba na kuzibua nilibeba mimi. Safari hii tuliweka wavu wa chuma wenye tundu dogo upande wa ndani, kwenye fremu ya mbao inayotoka kwa skrubu nne ili Mama aoshe vumbi. Popo wakahama. Silingi ya gipsamu ilibaki, ila tuliiachia pengo lenye wavu pembeni ili hewa ya darini nayo itoke.

Paa

Kuhusu asbesto sitazunguka. Miaka ile nyumba nyingi za serikali ziliezekwa hivyo, na kwa haki yake ni paa zuri: halipigi kelele mvua ikinyesha, halioti kutu, na halipitishi joto kama bati. Tatizo ni nyuzi zake. Likikaa juu bila kuguswa halina neno kubwa. Likikatwa, likitobolewa au likivunjwa, linatoa nyuzi ndogo zisizoonekana, ukizivuta zinabaki kwenye mapafu, na baada ya miaka mingi zinaweza kuleta asbestosi au saratani ya mapafu na ya utando wake. Barakoa ya kitambaa haisaidii chochote.

Vijana wangu walikuwa wameshapanda na nyundo. Niliwashusha. Tulisimama siku kadhaa hadi taratibu za taka hatarishi chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, zilipokamilika, bosi akilalamika kila jioni. Kisha mabamba yale ya asbesto yakalowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo, boliti zikafunguliwa moja moja bila kuvunja, yakashushwa kwa mikono, yakafungwa kwenye nailoni nzito. Majirani wawili waliomba vipande vya kufunikia banda la kuku. Mmoja alinuna nilipomkatalia, na mpaka leo salamu yake ni ya mbali.

Tukaweka bati la migongo mipana, na chini yake karatasi ya fedha ya kurudisha joto. Bila ile karatasi na bila matundu, kwa bati lile, Mama angehamia chini ya mzabibu moja kwa moja.

Muafaka

Lilibaki suala la mlango na uzio. Hapa lazima nimtendee haki bosi, maana kisa hiki kikisomwa haraka anaonekana mtu asiyethamini cha kale, na sivyo alivyo.

Ule mtaa ulipangwa kwa watu wasio na magari. Mwaka 1984 baba yake alishuka kwenye basi akatembea. Bosi ana gari, mke wake ana gari, na usiku wa saa nne hashuki kwenye basi. Ule uwanja wa nyumba kumi aliouchora mzee nilikwenda kuutazama: umeshakuwa kiwanja cha mtu, kina hosteli ya wanafunzi yenye ghorofa, na aliyejenga ana hati halali. Balozi naye tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 amebaki wa chama, mambo ya mtaa yana mwenyekiti wake na ofisi yake iko barabarani. Ndiyo kusema kwamba mbele ya nyumba ilikuwa inatazama kitu ambacho hakipo. Na siyo sisi tu tuliofika hapo. Australia, katika jimbo la New South Wales, mamlaka za nyumba zilijenga mitaa mingi kwa mtindo wa Radburn, na baadaye zikaanza kuzigeuza nyumba zilezile zitazame barabara, kwa sababu njia za miguu nyuma ya kuta zilikuwa zimegeuka vichaka vya wezi. Bosi alikuwa anaomba kilekile walichofanya Australia.

Nilimwambia hivyo, mbele ya Mama. Nikawawekea michoro miwili mezani. Kwenye wa kwanza nyumba imegeuzwa kabisa, kama alivyotaka. Kwenye wa pili jiko linabaki lilipo ila linapata kibaraza chembamba chenye paa upande wa barabara, karo inahamishwa pembeni na kufunikwa, na ukuta wa mashariki unafunguliwa mlango wa familia, mita tano kutoka mahali gari linaposimama, unaoingia kwenye korido badala ya jikoni. Sebule haiguswi. Upande wa njia, uzio unarudishwa nyuma hadi kwenye bikoni, unakuwa mfupi, wa kufikia kifua, na una geti dogo la mtu.

Bosi aliuliza kwa nini arudi nyuma mita mbili wakati jirani amejenga duka kabisa. Swali halali, na sikuwa na jibu zaidi ya kwamba siku halmashauri ikija kupima, ukuta wake hautapigwa alama ya X nyekundu. Hilo lilimwingia kuliko Radburn na Don Mills zote mbili.

Alichagua mchoro wa pili. Sidhani ni kwa sababu ya historia. Ulikuwa na gharama ndogo kwa karibu theluthi moja, na Mama alikuwa amekaa pale pale.

Kwenye uzio hatukukubaliana hadi mwisho. Mimi nilitaka minyaa ipandwe upya kwenye mstari wa bikoni, yeye akataka tofali zenye nondo na seng'enge. Tukaishia tofali fupi bila seng'enge, na taa mbili za sola. Halipendezi sana. Lile tundu ambalo mwashi alilifungua kwa kosa siku ya kwanza tulilifanya mlango wa vioo unaotoka sebuleni hadi chini ya mzabibu. Ndicho kitu ambacho kila mgeni anakisifu, na mwashi anajitambia mpaka leo kwamba yeye ndiye msanifu.

Tulipofikia kufunga vitasa, nilimwita kijana wa makufuli nikamwambia aweke kitasa kikubwa mlango wa mbele. Akachukua boksi lake, akapiga hatua mbili, akasimama. Akatazama barabarani, akatazama kwenye njia, ambako mama mmoja mwenye beseni la mboga alikuwa ameegemea ule ukuta mfupi anaongea na Mama habari za bei ya mafuta ya alizeti.

"Mbele ipi, fundi?"

Tangu siku hiyo neno hilo nimelifuta kwenye michoro yangu yote ya Kikuyu. Naandika upande wa njia na upande wa barabara.